Shajara ya safari ya milimani: Mombasa hadi Mtae na kurudi

Jumamosi, 17 Mei

Leo nimefungua daftari jipya, nimelinunua Mwembe Tayari. Humu nitaandika kila hatua ya kupanga safari ya gari ya kuzunguka milima iliyo nyuma yetu sisi watu wa Mwambao: kupanda Taita, kupita chini ya Kilimanjaro, kuambaa na milima ya Upare, kuingia Usambara hadi Mtae, kisha kuteremkia Tanga na kurudi nyumbani kwa njia ya mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga. Ukiichora kwenye ramani ni duara la kilomita kama 1,000.

Tuko wanne. Mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 11, na Mjomba. Mjomba ana miaka 72. Alianza kazi akiwa utingo, akapanda akawa dereva wa lori la mboga, na kwa miaka mingi alikuwa akipakia kabichi na karoti Lushoto, akazishusha soko la Kongowea kabla ya adhana ya alfajiri. Tangu astaafu hajapanda tena huko. Nilipomweleza mpango wetu hakuuliza gharama wala tarehe. Aliuliza, "Gari lenyewe ni la gia ya mkono?" Nikamwambia ni Probox, otomatiki. Akanyamaza kidogo, kisha akasema atakuja, ila anataka kwanza alione likishuka mlima.

Tumekubaliana safari iwe Agosti, shule zikifungwa. Masika yatakuwa yameisha, vuli bado. Baridi itakuwepo, lakini barabara za udongo zitakuwa kavu.

Jumapili, 25 Mei

Jioni nzima niko na ramani sakafuni, binti yangu ameshika penseli ya rangi.

Kadiri ninavyoitazama njia hii ndivyo ninavyoona kwamba watu wa hapa wameikanyaga tangu zamani. Mwaka 1848 mmisionari Rebmann alitoka Rabai kwa miguu, akapita Taita, na tarehe 11 Mei akaiona theluji ya Kilimanjaro. Aliyemwongoza ni mtu wa misafara kutoka hapa Mombasa, Bwana Kheri, ambaye njia ya kwenda Uchaga alikuwa akiijua siku nyingi. Mwaka huohuo mmisionari mwenzake, Krapf, naye aliondoka Rabai akaelekea kusini, akafika Vuga, Usambara, kwa Mfalme Kimweri. Binti yangu ameuliza mbona shuleni wanataja tu waliokuja kutoka Ulaya. Nimemwambia aliandike jina la Bwana Kheri kwenye ramani, penye Taita, kwa wino. Ameliandika kwa herufi kubwa.

Nimemweleza pia kwamba Taita, Upare na Usambara ni ndugu. Zote zimo katika Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita na kushuka hadi Udzungwa, na mawe yake ni ya kale mno. Kilimanjaro si wa ukoo huo. Ni volkano, na kwa umri ni mtoto mbele ya hii mingine. Misitu ya milima hii ya tao inaishi kwa unyevu unaotoka Bahari ya Hindi. Upepo unapita juu ya tambarare kavu bila kuacha kitu, ukikutana na mlima unapanda, unapoa, unageuka wingu. Hapo binti yangu akainua kichwa: "Kwa hiyo mvua ya Lushoto imetoka Nyali?" Sikuwa na jibu bora kuliko hilo.

Tumebishana kuhusu upande wa kuzungukia. Mume wangu alitaka tuanze na Lunga Lunga kwa sababu ni karibu. Mjomba amesema tuanze na Voi, na sababu zake zimetushinda. Kwanza, mpanda wa Wundanyi ni mfupi kuliko wa Lushoto, kwa hiyo dereva anajifunzia padogo. Pili, Kilimanjaro huvuliwa wingu alfajiri, na mtu akilala Taveta anaamka nao machoni. Tatu, siku ya mwisho uchovu ukiwa mwingi tutakuwa kwenye lami ya pwani, tambarare, tunajua kila kona.

Jumamosi, 7 Juni

Siku za Idi, nyumba imejaa wageni. Kazi moja tu: gari limepelekwa gereji. Nimeagiza mafuta ya injini, maji ya rejeta, pedi za breki za mbele, na mafuta ya breki yabadilishwe. Fundi amesema yote yamefanyika. Nimelipa.

Jumapili, 15 Juni

Nimerudi sasa hivi kutoka Wundanyi na mikono bado haijatulia. Naandika kabla sijalala ili nisisahau mpangilio wa mambo.

Tuliondoka jana alfajiri, mimi na Mjomba peke yetu, kama safari ya majaribio. Mombasa hadi Voi ni kilomita kama 160 na malori ndiyo yanayoamua utafika saa ngapi. Kutoka Voi tukakata kushoto hadi Mwatate, kisha ule mpanda. Ndani ya nusu saa mkonge na vumbi vimebaki chini, na mbele yako ni matuta ya mahindi na mboga yaliyokatwa ubavuni mwa mlima, maji yakitiririka kando ya barabara, na baridi inayokufanya upandishe vioo. Nimezoea bahari kuwa ndiyo upeo wa macho yangu. Kule upeo ulikuwa kila mahali, hata chini ya miguu. Tulilala Wundanyi, asubuhi tukatembea hadi chini ya mwamba wa Wesu, ukungu ukipita kama moshi wa kuni mbichi.

Shida ilikuja tukishuka leo. Niliweka gari kwenye D, gia ya mwendo wa kawaida, kama ninavyoendesha Nyerere Avenue na nikawa nashika breki kila kona. Kama dakika kumi hivi nikasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Kona iliyofuata pedali ikashuka chini kuliko kawaida, laini, kama kukanyaga godoro. Nikakanyaga tena, ikashika kidogo. Mjomba hakupaza sauti. Alisema, "Usishike tena. Rudisha kwenye mbili. Sasa L." L ndiyo gia ya chini kabisa. Injini ikanguruma kwa nguvu, gari likapunguza mwendo lenyewe. Tukajongea hadi mahali pana penye usawa, akaniambia nisimamishe, akatoka akatafuta jiwe akalitia nyuma ya tairi.

Nilitaka kumwagia maji magurudumu, akanizuia. Diski ikiwa na moto vile ukiimwagia maji inaweza kupinda. Tulikaa dakika 40 chini ya mgrevilea tukila mahamri yaliyobaki. Halafu akafungua boneti, akanionyesha kichupa cha mafuta ya breki. Mafuta yakiwa mapya ni kama maji yenye unjano kidogo. Haya yalikuwa rangi ya turungi, na chini yamekaa masimbi meusi. Hayajabadilishwa. Nililipia kazi ambayo haikufanywa, na nikampakia mzee wangu juu yake.

Tuliteremka hadi Mwatate kwa L, kilomita 20 kwa saa, matatu zikitupita zikipiga honi.

Jumamosi, 21 Juni

Wiki nzima nimejisomea habari za breki, na nimekaa na fundi mwingine, jirani wa Mjomba huko Kisauni, akinieleza kila kitu mbele ya macho yangu.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, na Mombasa unyevu hauna likizo. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 230. Yakishanyonya maji hushuka hadi kwenye nyuzi 155 hivi. Breki zikipata moto wa mteremko mrefu mafuta yanachemka, mapovu yanaingia kwenye mpira wa breki, na mapovu hubonyea. Ndilo lile godoro. Mjini huwezi kulijua kwa sababu hushiki breki dakika kumi mfululizo. Gari linaweza kupita kila siku Likoni na Changamwe likiwa salama kabisa, kisha likuangushe Soni, kwenye mteremko wa Lushoto.

Mafuta yote yametolewa, gurudumu kwa gurudumu, yale meusi yakitoka kwenye kipaipu hadi yakaja meupe. Nimesimama hapo mwanzo hadi mwisho. Pedi zenyewe zilikuwa mpya kweli, lakini zimepata moto hadi uso wake uking'aa kama kigae, zikabadilishwa tena.

Nikiwa hapo nimesoma pia namba za tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi zetu nne ni za 2022. Speya ilisomeka 1114, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2014. Haina alama hata ya kuguswa na barabara, na ubavuni imepasuka nyufa nyembamba kama udongo wa kiangazi. Imebaki gereji.

Jumapili, 29 Juni

Leo tumeukata mpango, na imeniuma kuliko nilivyodhani.

Mwanzo niliandika siku tano: Wundanyi, Ziwa Chala, Usangi, kilele cha Shengena, Lushoto, Mtae, na msitu wa Amani kule Usambara Mashariki. Kwenye karatasi kilomita zinatosha. Mjomba aliniomba niandike masaa badala ya kilomita. Mwezi wa Agosti jua linatoka kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Yeye anataka saa kumi alasiri gari liwe limezimwa, penye malazi. Sababu zake: alasiri wingu hushuka milimani na kona hazionekani, kati ya Mwatate na Taveta barabara inapita ndani ya Tsavo Magharibi, na jioni ndovu huvuka, na ukipata pancha saa tisa una muda, ukiipata saa kumi na mbili huna. Nimepanga upya kwa kanuni hiyo na siku tano zikawa kumi na mbili. Hatuna siku kumi na mbili, wala pesa zake.

Amani imeondoka. Usangi imeondoka. Shengena, mita 2,463, tutautazama kutoka Same. Binti yangu alilia kwa ajili ya Amani, maana alitaka kuliona lile ua dogo la zambarau, Saintpaulia, ambalo leo linakua dirishani mwa nyumba ulimwenguni kote na asili yake ni milima ya huku kwetu. Mjerumani aliyelipeleka Ulaya, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta upande wa Tanga mwaka 1892, na jina la kitaalamu likawa lake. Nimemwahidi tutalitafuta katika msitu wa Magamba, huko Lushoto, kwenye mawe yenye kivuli, na kwamba hata tukilikosa kuna vinyonga. Hapo amepata kitu cha kushikilia: vinyonga wadogo wenye pembe wa milima hii wanasayansi wamewapa jina Kinyongia, tangu mwaka 2006. Jina letu, limewekwa kwenye vitabu vyao kwa kuongezwa herufi moja tu. Amelirudia kama mara kumi akizunguka meza.

Mpango uliobaki ni wa siku tisa. Jumatatu tarehe 4 Agosti, Mombasa hadi Wundanyi. Jumanne asubuhi msitu wa Ngangao, mchana kushuka, kulala Taveta. Jumatano alfajiri Kilimanjaro, kisha Ziwa Chala, kuvuka mpaka wa Holili kabla ya mchana, kulala Same. Alhamisi Mombo na kupanda Lushoto asubuhi hewa ikiwa safi. Ijumaa ni Nane Nane, sikukuu ya wakulima Tanzania, tutakuwa Magamba. Jumamosi Mtae, na kulala hukohuko. Jumapili kurudi Lushoto taratibu. Jumatatu kushuka hadi Tanga. Jumanne nyumbani.

Mtae tunalala kwa sababu Mjomba amekataa katakata tuende na kurudi siku moja. Kutoka Lushoto ni kama kilomita 60, na anaikumbuka ikiwa udongo mwekundu, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili ni mbingu. Kijiji kiko kwenye ncha kabisa ya mlima. Chini yake ni tambarare za Mkomazi, ng'ambo ni Upare, na asubuhi ikiwa safi Kilimanjaro unaonekana kwa mbali. Anasema alifika huko mara moja tu, lori likiwa tupu, akasimama pale hadi mwenye mzigo akamtumia mtoto amwite. Nimemwona akieleza hayo. Ningeweza kukata kila kitu kingine kwenye orodha lakini si Mtae.

Jumamosi, 12 Julai

Karatasi. Pasipoti nne zipo. Za binti yangu na Mjomba ni mpya. Tanzania kitambulisho chetu peke yake hakitoshi, na kibali cha muda mpakani sitaki kukitegemea na mtoto. Bima ni kadi ya manjano ya COMESA, inayokubalika Tanzania. Gari liko kwa jina la mume wangu naye yumo safarini, kwa hiyo hatuhitaji barua ya idhini. Pembetatu mbili za kuakisi na kizimamoto nimeviweka ndani ya gari leo, nisije nikavisahau.

Chanjo ya homa ya manjano ilinitia wasiwasi kwa ajili ya Mjomba, kwa sababu kuichanja mara ya kwanza baada ya miaka 60 kuna hatari zaidi. Alipanda kitandani, akatoa bahasha ya plastiki, na ndani yake kuna cheti chake cha enzi za lori, kimekunjwa hadi mikunjo imekuwa laini kama kitambaa. Tangu 2016 cheti hicho hudumu maisha yote. Sisi watatu tumechanjwa Alhamisi.

Jambo jingine amelisisitiza Mjomba kwa mume wangu, ambaye mguu wake ni mzito: Tanzania ukiingia kijijini ni kilomita 50 kwa saa, na askari wa barabarani wapo kweli, na kamera zao. Barabara ya Same hadi Mombo imenyooka na inashawishi, na vijiji vinafuatana.

Alhamisi, 17 Julai

Malazi ya Lushoto na Mtae yamethibitishwa kwa simu. Yule mama wa Mtae ameniambia tulete masweta "ya kweli, si ya Mombasa." Nimepiga hesabu: joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Lushoto iko mita kama 1,400. Masweta yanatafutwa Kongowea kesho.

Jumamosi, 26 Julai

Jaribio la pili. Tumepitia Mazeras, Rabai hadi Kaloleni na kurudi, gari likiwa na watu wanne na mizigo yote kama siku yenyewe. Si mlima wa kutisha, lakini vilima vyake vinatosha kufundishia mtu. Mjomba amekaa mbele. Kanuni yake ni moja na ameirudia hadi binti yangu naye anaijua: gia ichaguliwe juu, kabla gari halijaanza kuteremka. Ukishafika katikati ya mteremko ndipo unakumbuka gia, umechelewa. Breki ishikwe kwa nguvu mara moja, mwendo upungue, iachiwe ipoe. Isilaliwe.

Nilipofika ukingo wa kila mteremko nilihamisha mkono kwenda kwenye 2 kabla hajasema. Mara ya nne aliacha kunitazama, akaanza kutazama minazi.

Tulipofika chini niliweka kiganja karibu na kila gurudumu. Vuguvugu. Mafuta kwenye kichupa bado ni meupe, mstari uleule.

Tulisimama Rabai, kwenye makumbusho ya wamisionari wa kale. Binti yangu alisimama mlangoni akitazama magharibi, akaniuliza ni upande gani Bwana Kheri aliondokea. Nimemwonyesha upande wa Taita. Tarehe 4 Agosti tutakuwa tunafuata upande huohuo.

Jumapili, 3 Agosti, usiku

Kila kitu kimo garini. Maji lita 20, viazi karai na mbaazi za njiani, dawa ya kichefuchefu kwa zile kona za Soni, tochi mbili, kebo ya kuvutia gari, speya mpya, daftari hili. Upepo wa kusi unavuma kwa nguvu usiku huu, mapaa ya mabati yanapiga kelele mtaa mzima, na nimekaa nikifikiria kwamba unyevu wake huenda ukafika Magamba kabla yetu.

Mjomba amekuja kulala hapa ili tusipoteze muda asubuhi. Amekuja na mkoba mdogo wa nguo na kitu kizito kilichofungwa kwenye gunia. Ni kabari ya mti wa mvule aliyokuwa akitumia alipokuwa utingo, ya kukingia tairi lori likisimama mlimani. Upande mmoja umeliwa na mpira hadi umekuwa na shimo la mviringo, na kwenye kishikio kuna alama za vidole vyake. Amefungua buti mwenyewe, akasogeza masweta, akaiweka kando ya speya, mahali ambapo mkono unaifikia bila kutoa kitu kingine.

Saa imetegwa saa kumi na robo.